Kilo Nilizojipunguzia

Jumamosi, 4 Juni

Nahodha ameagiza kila mmoja wetu aweke shajara ya mazoezi. Kasema hatazisoma, ni zetu wenyewe, za kutusaidia kukumbuka tulichojifunza. Haya basi. Leo nimejifunza kwamba kamba ikikuteleza mkononi inaunguza kama pasi, na kwamba mashua ya mbio haina mahali pa kukaa. Nilidhani kutakuwa na viti.

Nijitambulishe, maana mimi na daftari hili hatujuani. Ni karani mwandamizi katika idara ya malalamiko ya mamlaka ya maji. Watu wakikosa maji, au wakiletewa maji yenye rangi ya chai, huniandikia mimi, nami huwajibu kwamba tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Hilo la "uliojitokeza" nililitunga mwenyewe na mkurugenzi akalipenda sana. Usumbufu umejitokeza wenyewe, hakuna aliyeuleta. Kazi hii huifanya nikiwa nimekaa, na kukaa huko kumenipa tumbo.

Sasa nimo katika timu ya mashua itakayoshindana bahari kuu mwezi wa nane. Aliyeniingiza ni shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu. Yeye ndiye msoma ramani wa mashua hiyo, na mwaka huu mwenzao mmoja amehamia nchi nyingine akaacha pengo. "Shemeji ana mikono ya kuvuta," aliwaambia, "na hana maneno mengi." La mikono lina ukweli kidogo.

Jumapili, 5 Juni

Mwili mzima unauma. Hata kope.

Jumatano, 8 Juni

Leo nahodha alinipigia simu ofisini. Nahodha wetu ni daktari wa meno, mwanamke asiyecheka ovyo, na ukizungumza naye anakutazama mdomoni. Hata kwenye simu nilihisi ananitazama huko.

"Una kilo ngapi?" akauliza, salamu hajaimaliza.

Simu ya mezani kwangu inasikika hadi dirishani. Mhasibu aliacha kuandika. Katibu muhtasi, ambaye kwa kawaida hasikii hata akiitwa mara tatu, aliinua kichwa.

"Themanini na mbili," nikasema.

Themanini na mbili ndizo nilizokuwa nazo siku ya harusi yangu. Nilidhani anataka kujua saizi ya fulana. Jioni nilipanda mizani ya bafuni ikasoma tisini na sita. Nikaisogeza kwenye kigae kingine, nikijiambia huenda sakafu imeinama. Tisini na sita.

Jumamosi, 11 Juni

Si saizi ya fulana.

Nahodha alitukusanya gatini akatueleza sheria. Upepo ukiilaza mashua upande mmoja, sisi hukaa ukingoni upande wa pili, miguu ikining'inia nje, ili uzito wetu uisimamishe. Kwa hiyo mashua yenye watu wazito hufaidika. Kuzuia ujanja huo, waandaaji wameweka kikomo: mabaharia wote wa mashua moja, kwa jumla, wasizidi kilo mia nne na arobaini. Siku moja kabla ya mbio tutapimwa.

Akazijumlisha kwa sauti mbele yetu. Yeye sitini na nne. Shemeji hamsini na tano. Kimya sabini na sita. Huyu ni fundi wa lifti, na anaitwa hivyo kwa sababu hanyamazi. Kaka wawili wenye duka la rangi, themanini kila mmoja, maana hata uzito wao wanaushindania. "Na wewe themanini na mbili. Jumla mia nne thelathini na saba. Safi kabisa. Tumebakiwa na kilo tatu za kifungua kinywa."

Wote wakacheka. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo kabisa, na nahodha akanitazama meno.

"Una neno?"

"Hapana, nahodha."

Nimepiga hesabu: mbio ni mwezi wa nane, na watu hupungua. Kuna jirani yetu alipungua mpaka pete ikamvuka kidoleni.

Jumatatu, 13 Juni

Sikula mchana.

Jumanne, 14 Juni

Sikula mchana. Jioni nilikula changu, na cha mwanangu aliyekataa kumaliza, na ukoko.

Alhamisi, 16 Juni

Mke wangu ameshawaambia majirani wa ngazi nzima. Mama wa ghorofa ya chini alinisimamisha na ndoo yake mkononi: "Kumbe tunaishi na nahodha!" Nilimwambia mimi si nahodha. Akasema, "Na unyenyekevu juu." Niliona haya, lakini nilipanda ngazi nimenyoosha mgongo.

Jumamosi, 25 Juni

Upepo mdogo, jua kali. Leo tulifanya mazoezi ya kubisha, yaani kuigeuza mashua ipite machoni pa upepo ili ushike tanga upande mwingine. Mashua ikigeuka, kila mtu anatakiwa apite mbio chini ya mti mlalo wa tanga na kukaa ukingo wa pili kabla haijalala. Wenzangu wanapita kama paka chini ya kitanda. Mimi nakwama. Mara ya kwanza nilikwama tumbo, mara ya pili kola ya jaketi, mara ya tatu nikapigwa kisogoni na kaka mdogo akasema, "Jamani, mlango ni mdogo au kabati ni kubwa?"

Wengine walipoondoka shemeji alibaki nami. Tulifanya kwa miguu mikavu, mashua ikiwa imefungwa gatini, yeye anapiga makofi mimi napita. Hakunicheka. Aliniambia nitangulize goti la ndani na nitazame ninakokwenda, siyo mti. Mara ya mwisho nilipita vizuri, akapiga kelele za furaha mpaka mlinzi wa gati akatoka kuangalia kuna nini.

Tulikaa kunywa maji. Akaniambia mwaka juzi mbio zilifutwa kwa dhoruba, na mwaka jana mlingoti ulivunjika wakiwa bado wanaona nchi kavu. "Hii ya mwaka huu siikosi, shemeji. Hata kwa kutambaa nitaingia humo."

Nikamwambia tutaingia wote. Nilimaanisha.

Jumapili, 3 Julai

Tisini na nne! Nimemwita mke wangu aje aone. Kaja na mwiko mkononi, katazama, kaniambia niivue taulo nione itakavyosoma. Tisini na tatu na nusu. Tumecheka sana.

Jumamosi, 9 Julai

Tisini na sita. Kulikuwa na sherehe ya kumuaga mhasibu ofisini na keki ilibaki. Sitaki kuzungumzia hilo.

Jumanne, 12 Julai

Shemeji amelazwa. Aliishiwa pumzi akipanda ngazi za kwake, jirani akamkuta ameshika ukuta. Mke wangu yuko hospitali tangu asubuhi.

Alhamisi, 14 Julai

Ni mapafu. Si ya kuambukiza, ni mwili wenyewe unayashambulia, ndivyo daktari alivyotueleza, na hakuna aliyeelewa vizuri ila yeye mgonjwa, aliyekuwa akiuliza maswali kwa ile sauti yake ya kupima njia kwenye ramani. Swali la mwisho: "Mwezi wa nane nitaweza kusafiri baharini?" Daktari akacheka akidhani ni utani. Alipoona si utani akasema dawa zikimkubali, na asipozikatiza, anaweza.

Njiani mke wangu alilia. "Anaumwa pumzi, yeye anawaza mashua!"

Mimi nilikuwa nawaza kama asipokwenda tutabaki watano na kilo zangu hazitaonekana. Wazo lilipita haraka, lakini lilipita.

Jumamosi, 30 Julai

Shemeji amerudi mazoezini. Anakohoa kidogo, kazi anaiweza. Ila dawa zimemjaza uso, mashavu yamekuwa ya duara, macho yamebaki madogo kwa ndani. Kimya, ambaye Mungu alimnyima kizuizi kati ya akili na ulimi, alimpokea kwa mikono miwili: "Dada, umejaa! Hospitali wanakula vizuri!" Shemeji alitabasamu akaenda kukunja tanga ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Baadaye aliniambia, "Sijipimi, shemeji. Nikijipima nitaziacha hizi dawa, najijua. Na daktari kasema nikiziacha ghafla naweza kuanguka nisiamke. Kwa hiyo sijipimi."

Nikamwambia hajanenepa hata kidogo. Akasema, "Asante kwa kudanganya vizuri."

Jumamosi, 6 Agosti

Mvua na upepo. Tumepiga mbio nzuri. Nahodha alisema nikikaa ukingoni mashua inasimama kama imepigiliwa. Nilifurahi, kisha nikakumbuka ni kwa nini.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimeanza kukimbia nimevaa koti la mvua, kutoa jasho. Leo jioni nilizunguka uwanja wa mpira mpaka mlinzi akanifuata na tochi. "Mzee, umepoteza nini?" Nikamwambia nafanya mazoezi. "Na koti la mvua? Mbingu safi hivi?" Akaendelea kunimulika mpaka nikatoka.

Ofisini wamebandika picha yangu ubaoni, karibu na tangazo la mgao wa maji. Chini wameandika: Fahari Yetu.

Jumatano, 17 Agosti

Tisini na sita.

Kesho ndiyo mizani. Nimekaa kitandani nikitunga nitakavyomwambia nahodha. Kila nikianza inatoka hivi: kumejitokeza tofauti ndogo katika takwimu za awali. Nimeamua kesho asubuhi nitafika mapema, kabla ya wengine, nimwambie kwa maneno ya kibinadamu. Mke wangu kaniuliza mbona sijalala. Nimemwambia furaha.

Alhamisi, 18 Agosti

Nilifika mapema. Nahodha alikuwa ameshafika, yuko peke yake, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Alinisogezea nafasi benchini. Nilikaa. Akasema utabiri umetoka: upepo mkali siku zote za mbio. "Huu ni upepo wetu," akasema. "Huu ni upepo wa watu kama wewe." Nilimwambia nimelala vizuri. Sijui kwa nini, hakuwa ameniuliza.

Mizani yenyewe iko kwenye ghala la mizigo bandarini. Ni bamba la chuma sakafuni, na ukutani kuna uso wa duara kama saa kubwa, na sindano moja ndefu. Mabaharia wa mashua moja hawapimwi mmoja mmoja. Wanapanda wote kwa pamoja, pekupeku, wa kiume kwa kaptula na fulana, wa kike kwa nguo za mazoezi, wameshikana mabega, na timu nyingine zinapiga makofi. Ndiyo desturi ya mbio hizi, na wanasema ni ya kujenga umoja. Kwa hiyo inasomwa namba moja tu, ya wote.

Tukapanda sita. Shemeji alinishika bega la kushoto. Sindano ikapanda, ikapita mia nne, ikapita mia nne na arobaini, ikatulia kwenye mia nne hamsini na moja.

Makofi yakafifia.

"Mmezidi kilo kumi na moja," akasema msimamizi wa mbio. "Mna muda hadi saa sita mchana. Mpungue, au mpunguze mtu. Watano wanaruhusiwa, chini ya hapo hapana."

Kaka mkubwa akamgeukia kaka mdogo. "Si nilikwambia uache soda!" Kaka mdogo akamjibu kwa jambo la miaka mingi nyuma lisilohusu soda. Kimya akavua fulana, akaitupa, akatazama sindano kwa matumaini. Haikutikisika.

"Nani hajajipima?" nahodha akauliza. Hakupandisha sauti.

Nilikuwa na neno hapo hapo kooni. Nasema hivi si kujitetea, najua koo langu. Nilivuta pumzi, na ile pumzi ilikuwa bado inaingia shemeji aliposema, "Ni mimi."

Wote tukamtazama. Alikuwa amejishika shavu.

"Sijajipima tangu nitoke hospitali. Niliogopa. Ni hizi dawa. Nisameheni, jamani, nimewaharibia."

"Kilo kumi na moja, dada?" Kimya akasema taratibu. "Kwa mwezi mmoja?"

"Si unaona uso wangu!"

Akashuka kwenye bamba. Alitembea hadi benchi, akakaa, akaanza kuvaa viatu, akavaa cha kulia mguu wa kushoto, akavua, akaanza upya. Kimya na wale kaka walitazama sakafu kwa adabu, na timu zilizokuwa zikisubiri zilijifanya zina mazungumzo. Mimi nilitazama sindano. Ilishuka hadi mia tatu tisini na sita.

Mtoto wa shule ya msingi anaweza kutoa. Zimetoka hamsini na tano. Uso ulimvimba, lakini mwili ulikuwa na uzito ule ule alioutaja mwezi wa sita, hakuongeza hata kilo moja. Kumi na moja hazikuondoka naye. Zilikuwa bado zimesimama pale juu, pekupeku, na miguu yangu.

Nilipogeuza macho nikaona nahodha naye anatazama sindano.

"Tumekubaliwa?" akamuuliza msimamizi.

"Mmekubaliwa. Wanaofuata!"

Nilimfuata shemeji nje. Alikuwa ameshampa nahodha ramani zake, zimefungwa kwa mpira, kila mahali pa hatari pamewekwa alama kwa kalamu nyekundu. Alinikumbatia. "Usisikitike, shemeji. Kakae ukingoni kwa niaba yangu."

Nikamwambia, "Pole." Neno moja, na hata hilo nililitoa kama ninayemjibu mteja.

Ijumaa, 19 Agosti

Bahari. Imenilevya kabla majengo hayajapotea nyuma yetu. Nimetapika kila kitu nilichokula tangu mwezi wa sita. Sasa ndiyo labda nimefika themanini na mbili.

Jumamosi, 20 Agosti

Mwandiko mbaya, tunayumba. Upepo mkali kama ulivyotabiriwa. Nimekaa ukingoni tangu asubuhi, maji ya chumvi yananipiga kifuani, na mashua inasimama. Wanapiga kelele, "Baba, tulia hapo hapo! Wewe ndiye injini!"

Nahodha anasoma ramani mwenyewe huku akishika usukani. Mchana alikosea, akatupitisha upande wa ndani wa fungu la mchanga badala ya nje, tukalazimika kurudi nyuma, tukapitwa na mashua nne.

"Angekuwepo dada tusingekosea," Kimya akasema.

"Angekuwepo na zile kilo zake kumi na moja?" kaka mdogo akamjibu. "Tungezama."

Wakacheka. Nami nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa mwisho wa mstari na upepo mkali, ningeweza kujifanya sikusikia. Nilicheka kwa sauti.

Jumapili, 21 Agosti

Kulipopambazuka zamu ilikuwa yangu na nahodha, wengine wamelala chini. Mawingu mazito, bahari imepungua kidogo. Alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele. Kwa mara ya kwanza hakunitazama mdomoni.

"Uliona sindano ilipoishia aliposhuka shemeji yako?"

Nikasema sikuangalia.

"Mimi niliangalia."

Nilingoja aendelee. Nikabadilisha mkono ulioshika kamba.

"Mashua inahitaji uzito katika upepo huu," akasema. "Ramani nilidhani naweza kusoma mwenyewe. Na yule anakohoa. Nilikuwa na dakika moja ya kuamua."

"Nahodha, mimi..."

"Funga hiyo kamba vizuri, inalegea."

Nikaifunga. Tangu siku ya mizani nilijiona mwovu peke yangu, na nilidhani kupata mwenzangu kungenipa nafuu. Hakukunipa. Nilijisikia kama mtu aliyekutwa akiiba na mwenye duka akamwambia achukue na kile kingine.

Jumatatu, 22 Agosti

Tumemaliza wa tatu katika kundi letu. Kuna ngao. Nimebebwa juu juu gatini na watu wanne, wawili wakalalamika.

Jumanne, 23 Agosti

Picha mpya ubaoni ofisini. Nimejibu malalamiko mengi leo. Mwanamke mmoja ameandika kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kosa ni la nani. Nimemjibu kama kawaida.

Jumamosi, 27 Agosti

Mke wangu aliandaa chakula, ndugu na majirani wakaja, ngao ikawekwa juu ya televisheni. Shemeji alichelewa. Alipoingia sikumtambua upesi: mashavu yameisha, mifupa ya uso imerudi, na shingo imekuwa nyembamba. Wanawake wakamshangilia. "Umepungua! Umependeza! Umefanyaje?"

"Nimejitahidi tu," akasema.

Aliishika ngao, akalisoma jina la mashua kwa kidole. Akanitaka nimwelezee mbio zote, tangu mwanzo, upepo ulikuwa wapi na tulibisha wapi. Nilipofika kwenye lile fungu akafumba macho. "Niliweka alama nyekundu pale," akasema. "Mwakani tutapita nje." Kisha akakohoa, akatoka barazani, na kule aliendelea kukohoa muda mrefu. Mama wa ghorofa ya chini akaniambia nimemtia moyo sana mdogo wetu. Nilikula sahani tatu.

Jumatano, 31 Agosti

Mvua. Hakuna jipya.

Alhamisi, 1 Septemba

Nilipotoka kazini nilimkuta mke wangu amekaa jikoni na taa hajawasha. Alikuwa ametoka kwa mdogo wake. Alikwenda kumfulia, akafungua kabati kutafuta sabuni, akakuta dawa, boksini vidonge vyote vya tangu tarehe kumi na nane bado vimo.

"Kaziacha," akasema. "Tangu siku ile ya mizani yenu. Nimemlilia, nimempigia magoti, mimi mkubwa wake. Ananiambia, dada, mwakani sishushwi tena kama gunia mbele za watu. Hawezi kupanda ngazi mbili bila kukaa. Midomo imeanza kuwa ya buluu." Akanishika mkono. "Wewe anakusikiliza. Nenda ukaseme naye."

Nikamwambia. Sikujua kama naanza, nilisikia tu sauti yangu. Nilimwambia ya simu ya ofisini, ya mia nne thelathini na saba, ya sindano. Ya nahodha pia. Mke wangu hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameuachia mkono wangu, sikuona ameuachia lini.

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata pa kushika.

"Vaa viatu," akasema.

"Sasa hivi?"

"Vaa viatu, baba. Nenda ukamwambie yote. Yote, usibakize."

Shemeji anakaa ghorofa ya nne. Alinifungulia mlango akarudi kukaa kabla sijaingia, maana kusimama kulikuwa kunamchosha. Ukutani kwake kuna ramani ya njia ya mbio, kubwa, na pini za rangi. Nikasimama katikati ya chumba.

"Nimekuja kuhusu suala la mizani," nikasema.

"Suala gani?"

Nilisikia haya mpaka masikioni. Nikaanza tena. "Nilidanganya kilo zangu. Zile kumi na moja ni mimi. Wewe ulikuwa hamsini na tano, dawa hazikukuongezea chochote. Uliposhuka niliona sindano."

Pumzi yake ilikuwa inasikika, kama mtu anayesugua nguo.

"Uliona."

"Niliona."

"Nikavaa viatu, na wewe umesimama unaona."

"Ndiyo."

"Halafu ukaenda."

"Nikaenda."

Alifikiri kidogo. "Nahodha?"

Nilitamani kumficha nahodha, si kwa wema, ila nilijua litamuuma kuliko langu. Lakini mke wangu alisema yote. "Aliona pia."

Hilo ndilo lililomkata. Miaka yote hii amesafiri na yule mwanamke. Aligeuza uso kwenye ramani, na mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni kikohozi, haikuwa kikohozi. Nilisogea, akainua kiganja bila kugeuka. Nikabaki nilipo. Sijawahi kujiona mkubwa namna ile ndani ya chumba, nikijaza nafasi ya mtu.

Baada ya muda akanyanyuka, akaenda jikoni kwa kushika ukuta. Nikasikia bomba. Alirudi na glasi na kidonge, akameza mbele yangu, akanywa maji yote. Nikamwambia asubuhi dada yake atampeleka kwa daktari. Akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akafuta macho, akanitazama kwa utulivu, jinsi anavyotazama mawimbi kabla hajasema tupite wapi.

"Nataka kujua tu. Siku ile ulikuwa na kilo ngapi hasa?"

"Tisini na mbili," nikasema.

Shemeji ni msoma ramani. Uzito wa kila mmoja wetu anaujua tangu mwezi wa sita, na mia nne hamsini na moja aliisoma kwa macho yake. Hesabu hiyo aliimaliza kabla sijafunga mdomo. Nilimwona akiimaliza. Nilikuwa na nafasi ya kusema tisini na sita, nafasi ndefu kabisa, alinipa kwa makusudi.

Akaenda kufungua mlango, akasimama pembeni nipite.

Nyumbani mke wangu alikuwa bado jikoni. Aliniuliza kama amemeza dawa. Nikamwambia amemeza, nimeshuhudia. Akashusha pumzi, akafunika uso kwa kanga.

"Na umemwambia yote?"

Nikamwambia yote.